Aliyetangulizwa na Taa

Nilijua tumepotea.

Usiku ule msituni tulikuwa watu wanne, na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Na mimi peke yangu ndiye nisiyeweza kusema.

Taya langu lilikuwa limevunjika.

Sasa msianze huko kwenye maoni, oh umetunga, oh chai. Aliyevunjika taya ni mimi. Aliyelala juu ya machela ni mimi. Na aliyekufa ni shemeji yangu. Tulieni niwasimulie, asiyetaka apite kimya kimya.

Kazi yetu ilikuwa kufungua njia ya nguzo za umeme. Kabla hujaona nguzo na nyaya zinapita porini, kuna watu wameingia kwanza na dira na mapanga wakakata mstari ulionyooka. Hao ndio sisi.

Mkuu wa kikosi alikuwa kaka yangu, tumbo moja, mkubwa kwangu. Tulimwita Nyapara. Hata mimi nilimwita Nyapara, maana alishanionya siku ya kwanza, "Kazini hakuna kaka."

Mimi nilikuwa mshika dira.

Mpishi alikuwa Mpishi tu. Mtu mkimya, ana nguvu za kutosha watu wawili, na chai yake ilikuwa nyeusi mpaka unajiona usoni.

Na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tulimwita Redio.

Nadhani mmeshajua kwa nini. Yule bwana alikuwa hazimiki! Anaongea akikata mti, anaongea akitafuna, akilala anaota kwa sauti. Kila asubuhi lazima anichokoze.

"Shemeji, dada yangu alikuwa na wachumba wenye magari. Akakuchagua wewe mwenye dira. Haya, usimpoteze basi!"

Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa Nyapara. Siku tunaondoka mke wangu alinishika mkono mlangoni.

"Huyo ndiye mdogo wangu peke yake," akaniambia. "Unaondoka naye, urudi naye."

Nikasema sawa. Tena nilisema huku nacheka.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penyewe.

Dira ina adui mmoja tu, naye ni chuma. Ukiisogeza karibu na panga, sindano inageuka kufuata panga. Haikwambii kwamba inadanganya. Inatulia vizuri kabisa, na wewe unaiamini.

Kwa hiyo kwenye kikosi chetu kulikuwa na sheria. Mshika dira akitaka kusoma anapiga kelele, "Chuma chini!" Wote mnatupa mapanga na mashoka, mnarudi nyuma. Ukisahau, utasemwa mpaka ujute kuzaliwa.

Redio alisahau mara moja tu, mkanda wa suruali wenye kifungo kikubwa cha chuma. Nyapara akamvua mbele ya watu.

"Sasa suruali ikianguka, nani atawajibika?" Redio akauliza.

Tulicheka mpaka Mpishi akakaa chini. Tangu siku hiyo Redio alifunga suruali kwa kamba.

Basi siku yenyewe ikafika.

Tulikuwa tunaangusha mti mmoja mkubwa, jua linakaribia kuzama. Mti ulipoanguka ukalivuta tawi la mti wa jirani, likapinda, kisha likaachia. Sikuliona. Nilisikia watu wanapiga kelele, halafu nikajikuta nimelala naangalia juu.

Taya. Bega la kulia. Na tumbo, jamani, tumbo lilikuwa linajaa.

Nyapara aliligusa, akaliona lilivyokaza. Akaniangalia usoni. Nikajua kwamba naye amejua.

"Damu inavujia ndani," akasema. "Huyu hawezi kulala hapa. Lazima afike hospitali leo leo."

Simu hazikushika mtandao kule. Gari lilikuwa limetuacha, lirudi mwisho wa wiki. Kuurudia mstari wetu ni mwendo wa siku nzima, maana tulianzia upande wa mbali.

Lakini barabara ya lami ilikuwa mashariki. Ukikata msitu moja kwa moja mashariki, mtu mwenye mzigo anafika kabla ya alfajiri.

Tatizo lilikuwa moja. Kusini mwa njia hiyo kuna korongo. Refu, kuta zake zimesimama wima, na ukingoni vichaka vimefunika kila kitu. Mchana tuliliona, tukarudi nyuma wenyewe bila kuambiwa. Ukienda mashariki sawasawa unaliacha mbali mkono wa kulia. Ukipinda kidogo tu, umekwisha.

"Dira itatupitisha," Nyapara akasema.

Wakatengeneza machela. Wakang'oa hema, wakachukua mabomba yake mawili marefu, wakafunga turubai katikati. Mikanda ya turubai wakaipitisha mabegani ili mikono ibaki huru.

Kisha Nyapara akasimama, akapiga kelele ile ile ya kila siku.

"Chuma chini!"

Wakaacha mapanga. Wakaacha mashoka. Mpishi akavua mkanda. Nyapara akampapasa mfukoni, akamtoa kijiko, akakitupa porini.

"Hata kijiko, bosi?" Mpishi akauliza.

"Hata kijiko. Leo hatubahatishi, huyu ni mdogo wangu."

Wakaniinua. Tukaondoka.

Mwenye akili kati yenu ameshaona. Sisi hatukuona. Chuma kwetu kilikuwa panga, shoka, kifungo cha mkanda. Yale mabomba tulikuwa tunalala chini yake kila siku, tunaanikia nguo. Yalikuwa hema. Hakuna aliyewahi kuyaita chuma.

Sasa gizani dira inatumiwaje? Mchana unachagua mti mbele, unauendea. Usiku huoni mti. Kwa hiyo mtu mmoja anatangulia na taa. Aliyeshika dira anabaki nyuma, anaangalia sindano, anaangalia taa, anamwelekeza. Kushoto kidogo. Kulia. Hapo, simama! Akishasimama mnamfuata mpaka alipo. Halafu anatangulia tena.

Aliyetangulia ndiye jicho lenu. Na mguu wenu.

Mimi nimelala, kwa hiyo dira aliishika Nyapara, aliyebeba mbele. Mpishi nyuma, kichwani kwangu. Aliyetangulia na taa ni Redio.

"Shemeji, usife kabla sijakudai mahari ya dada yangu iliyobaki!" akapiga kelele huko mbele. "Wewe vumilia, nitakuimbia."

Akaanza kuimba. Sauti mbaya hiyo! Lakini ilinishika nisipotee. Kila nikizama, ile sauti inanivuta tena juu.

Mara ya kwanza Nyapara alitaka kunilaza chini ndipo asome dira. Nikaguna kwa maumivu, damu ikanitoka mdomoni.

"Basi, basi, mdogo wangu. Sikushushi tena."

Tangu hapo akawa anasoma akiwa amesimama, mikanda ikiwa mabegani, mabomba mawili yakiwa yamembana kiunoni huku na huku, na dira ameishika katikati yake. Huruma hiyo ndiyo iliyotuponza.

Nilijuaje kwamba tumepinda?

Kwa mwili wangu. Kwenda mashariki ni kupanda. Nilikuwa nimebebwa miguu mbele, kwa hiyo kama tunapanda, miguu ingekuwa juu na damu ingenijia kichwani. Mwanzoni ilikuwa hivyo. Halafu ikalala sawa. Halafu miguu ikaanza kwenda chini, na mimi nikawa nateleza kwenye turubai kuelekea mgongoni kwa kaka.

Tunashuka. Na upande unaoshuka ni mmoja tu.

Nikainua macho. Kando ya mbavu za Nyapara nikaona uso wa dira unang'aa kijani mkononi mwake. Na pembeni yake, taa ya Redio ilipomulika nyuma, nikayaona mabomba.

Mungu wangu.

Nikajaribu kusema. Ikatoka povu na damu.

"Nyamaza, usijichoshe," Mpishi akasema juu ya kichwa changu.

Nyamaza! Naambiwa ninyamaze na mtu anayenipeleka shimoni!

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Nikakunja ngumi, nikagonga bomba kwa pete ya ndoa. Kong. Kong. Kong. Nikanyoosha kidole kwenye bomba, kisha kwenye dira. Nikagonga tena.

"Maumivu yamemzidi," Mpishi akasema.

Nyapara akasimama. Akageuza shingo. Akaangalia mkono wangu, akaniangalia mimi. Aliangalia muda mrefu hivi, halafu akageukia mbele.

"Vumilia," akasema. "Tunakaribia."

Nikalia machozi. Nilisema moyoni, kaka yangu hakuelewa. Mtu aliyenifundisha mimi dira, leo haelewi!

"Redio!" akaita. "Tangulia!"

"Huku pabaya, bosi! Nyasi zinanifika kifuani, sioni miguu yangu."

"Tangulia tu. Nakuona. Kulia kidogo."

"Hapa?"

"Songa."

"Kama kuna nyoka, mwambieni dada yangu nilikufa nikiwa kazini, sio ninakula!" Akacheka mwenyewe. Taa ikawa inapanda na kushuka kwenye nyasi, inaenda mbali.

Mimi nagonga bomba mpaka ngozi inachubuka.

Taa ikazama.

Haikuzimika. Ilizama, kwenda chini, na mwanga wake ukamulika majani kwa chini kidogo, ukapotea. Hakupiga hata kelele. Redio, mtu wa maneno yote yale, hakusema neno. Tulisikia mawe yakiporomoka, yakaendelea kuporomoka, kisha kimya.

"Redio!" Mpishi akaita. "We Redio!"

Nyapara akaniweka chini. Safari hii hakujali maumivu yangu. Akatambaa mpaka ukingoni, akaita. Akaita tena. Hakuna.

Akarudi, akasimama mbali na machela, akasoma dira huko huko. Kisha akamwambia Mpishi:

"Hili ni korongo. Ukiufuata ukingo wake kwenda mashariki, unakutoa darajani, barabarani. Sasa tunajua tulipo."

"Na mtoto wa watu?"

"Tukifika barabarani tutaleta watu na kamba. Beba."

Wakanibeba bila taa, mbali kidogo na ukingo, na sasa Nyapara alinishusha kila alipotaka kusoma dira.

Dereva wa lori la mbao alitukuta darajani bado giza. Nikafanyiwa upasuaji asubuhi. Daktari aliniambia baadaye kwamba ningechelewa kidogo tu angekuwa anaongea na ndugu zangu, sio mimi.

Waliokwenda na kamba walimtoa Redio siku hiyo hiyo. Hakufa alipoanguka. Alikuwa ametambaa kutoka pale ilipoangukia taa.

Nyapara alipoulizwa, alijibu maneno machache. "Alitoka kwenye mstari. Nilimwelekeza, hakufuata."

Na watu waliamini! Nani asingeamini? Redio alijulikana kwa mzaha. Hata msibani, niliambiwa, watu walitikisa vichwa. Mdomo ulimponza. Utani hata kwenye hatari. Baba mkwe aliomba radhi mbele za watu kwa niaba ya mwanawe, eti alikihatarisha kikosi kizima.

Mzee wa watu akaomba radhi.

Mke wangu alikuja wodini amevaa nguo nyeusi. Akakaa kando ya kitanda changu, akanifuta jasho.

"Nilimwambia awe makini," akasema. "Nilimwambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Halafu akalia, na mimi na taya langu lililofungwa kwa nyaya nikabaki namwangalia.

Najua mtauliza, si ungeandika? Bega la kulia limefungwa, mkono wa kushoto una sindano ya dripu. Na hata ningeweza, jambo kama lile humwambii kaka yako kwa kikaratasi. Maana nilivyodhani mimi, Nyapara hajui. Anaamini kabisa kwamba Redio alikosea. Siku atakayojua kwamba ni dira yake, atajinyonga. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi.

Maana alikuja kila siku. Mkubwa mzima, ananishikia mrija ninywe uji. Mgonjwa haulizwi uji, analeta tu. Ananinyoa ndevu, anabadilisha shuka. Alikonda mpaka wauguzi wakawa wanamuuliza kama na yeye ni mgonjwa.

Nikawa napanga maneno. Nitasema hivi, nitaanza hivi, nitamshika mkono.

Siku ya kutoa nyaya ikafika. Daktari akaniambia niongee polepole, akaondoka. Tukabaki wawili.

"Kaka," nikasema.

Akashtuka. Nadhani hata yeye hakukumbuka mara ya mwisho mimi kumwita hivyo.

"Kaka, Redio hakutoka kwenye mstari. Ni yale mabomba ya hema. Yalikuwa yanavuta dira. Sisi wote tulisahau. Usijilaumu, hukujua."

Akaweka kikombe juu ya kabati. Akakaa kitandani, miguuni pangu.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani taya limeniharibu na masikio.

"Ulipogonga bomba, nikaelewa pale pale. Ulidhani sikuelewa? Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Sasa kwa nini..."

"Nilijua tumepinda, sikujua tumepinda kiasi gani. Korongo lingeweza kuwa popote mbele yetu. Kulikuwa na njia mbili. Tukae pale mpaka kukuche, au mtu atangulie."

"Ungemwambia!"

"Angekataa. Na angekuwa na haki ya kukataa. Au angekubali, apapase kwa fimbo hatua kwa hatua, usiku kucha. Tumbo lako lilikuwa gumu kama ubao. Usingeiona asubuhi."

Hakuwa analia. Ningependa niwaambie alilia.

"Nilisema, akipita salama, tumepita sote. Asipopita, nitajua korongo liko wapi, na nikijua liko wapi nitakufikisha. Nilimuona anasita, nikamwambia songa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu. Nilikuwa na roho mbili mkononi, nikaishika ya kwetu."

"Ukasema alikosea mwenyewe. Baba yake ameomba radhi!"

"Ningesema nini?"

Nikamwambia atoke. Akanyanyuka, akachukua kikombe, akakiosha kwenye sinki, akakirudisha mahali pake, akatoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, na mimi sijamwita.

Mke wangu alikuja jioni. Nilimwambia yote. Sikumficha hata lile neno "songa."

Alisikiliza ameshika ukingo wa kitanda. Nilitegemea apige kelele, anitukane mimi na ukoo wangu wote, wodi nzima ije. Ningeshukuru.

Aliniuliza swali moja tu.

"Na wewe, ungependa angemwambia?"

Fikirini hilo swali jinsi lilivyo. Nikisema ndiyo, nasema ningependa niwe nimekufa, na yeye anajua naongopa. Nikisema hapana, basi mdogo wake nimemuua na mimi.

Nilifungua mdomo. Taya lilikuwa limepona, maneno hayakutoka.

Akasubiri. Halafu akajifunga kitambaa chake kichwani, akachukua mkoba.

"Nakwenda kwa baba," akasema. "Nikamwambie ile radhi airudishe. Mwanawe alikuwa kwenye mstari."

Alikwenda, akasema mbele ya wote, na Mpishi akaitwa akathibitisha kwamba Redio alifuata kila alichoambiwa. Baba mkwe hajaniambia neno baya mpaka leo. Ananisalimia, ananiuliza hali ya tumbo.

Mke wangu yuko. Tunakula pamoja, tunalea watoto. Lile swali hajalirudia, na mimi sijalijibu, na wote wawili tunajua liko mezani kila siku tukikaa.

Somo? Mnapenda masomo nyinyi. Haya, chukueni.

Ukiambiwa "tangulia, sisi tuko nyuma yako," geuka kwanza. Muulize aliyeshika dira anaona nini. Akikujibu "songa tu," kaa chini hapo hapo, hata kama wanakuita mwoga.

Na kama wewe ndiye uliyebebwa ukafika salama, usikimbilie kushukuru. Uliza kwanza nani alitangulizwa.